Mashine ya kukereza iliyotumika: ununue, uache, au upeleke kazi Masasi?

Shafti ya mashine ya kusaga ikiliwa pale beringi inapokaa, mwenye kinu aliye Lulindi ana njia tatu. Aifungue na kuipeleka Masasi kwa mwenye mashine ya kukereza vyuma. Anunue shafti mpya, kama saizi yake ipo dukani. Au amwite kijana mwenye mashine ya kuchomelea aijaze chuma, kisha aisugue kwa grainda mpaka beringi iingie kwa nyundo. Njia ya tatu ndiyo inayopendwa, na ndiyo inayomrudisha kwa fundi baada ya muda mfupi, maana grainda mkononi haitoi duara, na beringi iliyokaa juu ya shafti isiyo duara inajila yenyewe.

Msimu wa korosho ukiwa mzuri, wazo la kuwa na mashine ya kukereza papa hapa huanza kuzungumzwa kwa uzito. Kazi zipo: shafti za vinu, bushi za matrela, matundu ya plagi za bodaboda yaliyoliwa thredi, mashine za kupulizia sulfa zinazogoma kati ya Juni na Septemba, wakati mikorosho inadai dawa ya ubwiriunga. Mashine mpya ya kiwandani hakuna anayeitaja. Mazungumzo ni ya iliyotumika, na hapo watu wengi hulinganisha bei za kununulia, wakati cha kulinganisha ni ubovu. Kila mashine kuukuu ina ubovu wake. Upo ambao fundi wa Masasi anaumaliza kwa siku mbili, na upo ambao uwanda mzima wa Makonde haumudu. Mashine ya bei ya juu yenye ubovu wa kwanza itakugharimu kidogo kuliko ya bei ya kutupa yenye ubovu wa pili.

Tuanze na unaotengenezeka. Mikanda, swichi na nyaya ni vitu vya dukani. Beringi za mota na za gia ndogo mara nyingi ni namba zile zile zinazotumika kwenye vinu na pikipiki, 6205, 6206, 6308 na ndugu zao. Mota iliyoungua husukwa upya. Nati ya brasi inayosogeza kisu, hata ikiwa imelika vibaya, hukerezwa nyingine kutoka kwenye kipande cha brasi. Taya za chaki, kile kishikio kinachozunguka na kazi, zikipanuka mdomo husawazishwa kwa jiwe dogo la kunolea likiwa limefungwa kwenye mashine yenyewe. Jino moja la gia likivunjika hujazwa na kuchongwa kwa tupa, na kama gia yote imekwisha, unaipeleka kwa wachonga gia. SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973, lina kituo chake cha teknolojia Lindi, na kazi za namna hiyo ndizo zake.

Usiotengenezeka hapa ni mambo manne: kitanda kilicholika, spindeli (ile shafti inayobeba chaki) iliyopinda, chuma cha kichwa kilichopasuka, na gia za kubadilishia zilizopotea. Kitanda ni zile reli mbili ambazo meza ya kisu huteleza juu yake. Kazi nyingi hufanyika karibu na chaki, kwa hiyo reli huliwa upande huo na kubaki nzima upande wa mkia. Kuzisawazisha upya kunataka mtambo mkubwa wa kiwandani, au fundi wa kukwangua kwa mkono ambaye atakaa na kazi hiyo majuma kadhaa. Huyo Masasi humpati.

Bahati mbaya muuzaji hakuambii hayo. Atakachokuambia, iwe Gerezani Dar es Salaam au kwenye mnada wa karakana inayofungwa, ni: "Hii chuma ya Mwingereza, mzee wangu, haifi." Kuna ukweli ndani yake. Mashine za Colchester, Harrison na Boxford, ambazo Waingereza walizitumia sana kwenye vyuo na karakana ndogo, zilimiminwa kwa chuma kizuri. Lakini chuma kizuri kilichofanya kazi miaka arobaini chini ya vumbi bila oili nacho kinalika. Na rangi mpya ya kijani haina maana yoyote. Mimi nikiona mashine kuukuu imepakwa rangi mpaka kwenye sahani ya namba, naanza kuuliza kinachofichwa.

Jipimie mwenyewe. Sogeza meza ya kisu mbali na chaki, pangusa kitanda kwa kitambaa, kisha pitisha ukucha kutoka pembeni kabisa karibu na kichwa, mahali ambapo meza haifiki, kuelekea inapofanyia kazi. Ukucha ukishuka kama kwenye ngazi, reli imeliwa. Baada ya hapo kaza boliti za meza mpaka iteleze bila kucheza ikiwa karibu na chaki, halafu ipeleke taratibu upande wa mkia. Kwenye mashine nzima uzito wa mkono haubadiliki. Kwenye iliyolika, mkono utaanza kuwa mzito na mwisho utagoma kabisa, maana ulikaza kwa kipimo cha reli iliyokonda na sasa umefika kwenye reli nene.

Kisha omba ikate. Funga chuma cha duara cha milimita 40, kitokeze milimita 150 nje ya chaki bila kushikwa na mkia, kata kidogo tu, upime ncha zote mbili kwa venia kalipa. Tofauti ya milimita 0.05 inavumilika kwa kazi za vinu na matrela. Ikifika 0.2, umekereza koni. Usiikatae papo hapo, tazama kwanza imekaaje. Mashine iliyosimama kwenye sakafu isiyo sawa hujinyonga, nayo hukata mshazari hata kitanda kikiwa kizima. Ndiyo sababu jaribio la ukucha na la mkono hutangulia.

Mwisho iwashe kwa mwendo wa juu kabisa na uiache ikizunguka nusu saa huku mkizungumza bei. Sauti ya kusaga, au kichwa kinachopata joto mpaka mkono hauvumilii, ni beringi za spindeli. Hizo si za bei ya 6206, kwa hiyo zitoe kwenye bei. Mkono wa kisu ukicheza robo mzunguko kabla kisu hakijasogea, wanunuzi wengi hushtuka na kuondoka. Usiondoke. Hiyo ni nati ya brasi, na ni hoja nzuri ya kupunguziwa.

Gia za kubadilishia zinahitaji aya yao, kwa sababu hapo ndipo mashine ya Mwingereza inapowaangusha wengi. Nyingi za zamani zina skrubu kuu ya kukatia thredi yenye kipimo cha inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, na namba hiyo haigawanyiki vizuri mpaka uizidishe kwa 5, ipatikane 127. Kwa hiyo, ili mashine ya inchi ikate thredi sahihi ya milimita, lazima iwe na gia ya meno 127. Bodaboda zote za Kichina na za Kihindi zina thredi za milimita. Plagi ya pikipiki nyingi za cc 125 ina kipenyo cha milimita 12 na hatua ya 1.25. Mashine isiyo na gia hiyo, wala gia nyingine ya kukadiria, haitakukatia thredi hizo, itabaki ya kukereza shafti na bushi. Upande mwingine, injini za dizeli za mtindo wa Lister zinazoendesha vinu vingi vya vijijini zina bolti za kipimo cha Kiingereza, na kwa hizo skrubu ya inchi ni baraka. Ukikuta ndoo ya gia kuukuu chini ya meza ya muuzaji, hesabu meno. Ikiwemo yenye 127, sehemu ngumu ya ununuzi umeimaliza.

Sasa umeme. Laini nyingi za vijijini ni za fezi moja, na mashine za karakana karibu zote zilitoka kiwandani na mota ya fezi tatu. CA6140 ya Kichina, ambayo husifiwa kwa uwezo wake wa kukata, ina mota ya kilowati 7.5 na uzito unaokaribia tani 2. Bila fezi tatu mlangoni, usiifikirie. Za Kiingereza za saizi ya chuo zina uzito wa kati ya nusu tani na tani moja, na mota ya kilowati 2 hivi. Hizo zina njia mbili za kutokea. Ya kwanza ni kubadilisha mota na kuweka ya fezi moja. Ni rahisi na fundi yeyote anaielewa, lakini kila unapowasha taa za majirani zitafifia. Ya pili ni inverta ya mota, kisanduku kinachopokea fezi moja na kutoa tatu. Huwasha taratibu na hukuruhusu kubadili mwendo kwa kuzungusha kitufe. Ila soma kwanza sahani ya mota. Ikiandikwa 220/380 au 230/400, inaweza kufungwa kwa pembetatu na inverta ya kawaida itaiendesha. Ikiandikwa 380 au 415 peke yake, lazima ifunguliwe na nyaya za ndani zitolewe nje, au isukwe upya, na gharama hiyo uiandike kabla hujakubaliana bei.

Bili yenyewe si kubwa kama inavyohofiwa. Kwa bei ya TANESCO ya kundi la T1, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, unafika kwenye shilingi 356 hivi. Mashine ya saizi ya chuo ikivuta wastani wa kilowati 1.2 kwa saa nne za kazi kwa siku, inakula uniti 4.8, yaani shilingi 1,700 hivi. Oili mbaya itakutia hasara kubwa zaidi ya hiyo.

Kwenye karakana nyingi mashine hulainishwa kwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, kwa sababu ni ya bure. Oili hiyo imebeba masizi na unga wa chuma. Ukiipaka kwenye reli unaisugua kwa dawa ya kung'arishia kila meza inapopita. Kichwa cha mashine kinataka oili nyepesi ya haidroliki namba 32, reli zinataka namba 68. Zote mbili huuzwa na wauza vilainishi vya matrekta na malori, na lita tano za kila moja zitakaa muda mrefu kwenye karakana ndogo. Masika yakianza, ifunike mashine kwa shuka la pamba. Nailoni hutoa jasho usiku na asubuhi unakuta kutu. Jiwe la kunolea na grainda viwekwe mbali, ikiwezekana nyuma ya ukuta, kwa sababu unga wa jiwe hula reli kuliko kazi yenyewe. Kuna wanaopendekeza mafuta ya maganda ya korosho, kwa kuwa hapa yapo na India hupakwa kwenye mitumbwi. Kwa mbao sawa, yanasaidia dhidi ya mchwa. Kwenye mashine hapana: ni makali, huunguza ngozi na huganda.

Inapokuja pesa, hoja si bei bali idadi ya kazi. Chukua mfano wa kupigia hesabu tu, kisha weka tarakimu zako. Tuseme mashine, usafiri, zege, inverta na marekebisho vimekula milioni 8 mpaka inakata. Ukitaka irudishe fedha hiyo kwa miaka minne, kila mwezi inadaiwa shilingi 167,000 hivi. Tuseme kazi moja inakuachia 10,000 baada ya umeme na visu. Unahitaji kazi 17 kila mwezi kabla fundi hajapata hata senti ya mshahara. Je, Lulindi na vijiji vyake vinatoa kazi 17 mwezi wa Machi, wakati pesa za korosho zimekwisha na vinu vinasaga kidogo? Kusini tumeshaona mitambo isiyo na kazi. Viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia miaka ya 1970 viliwekewa mitambo ya Italia na Japani. Korosho za nchi nzima zikashuka kutoka takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980, na mitambo mingi ikasimama.

Kama kazi zako hazifiki 17 kwa mwezi, peleka Masasi, au ulizia karakana za Ndanda, ambako Wabenediktini walifungua misheni mwaka 1906 na ufundi haujawahi kukauka. Nauli na siku moja iliyopotea ni nafuu kuliko milioni nane zilizolala. Kusanya kazi mbili tatu za majirani uende nazo pamoja. Na ukienda, mpe mkerezaji beringi yenyewe, usimpe kipimo cha mdomo.

Ipo pia mashine ndogo mpya ya Kichina ya kuweka mezani, ya kilo 40 hadi 80. Inatumia fezi moja na inabebwa na watu wawili. Nyingi zina gia za plastiki na sakiti ya kuongozea mota ambayo haipendi umeme wa kupanda na kushuka. Kwa bushi ndogo, pini na vifaa vya cherehani inafaa. Shafti ya kinu itaishinda, na hata kama isingeishinda, haipiti kwenye tundu la spindeli yake. Mwenye karakana ya pikipiki peke yake anaweza kuifikiria, wengine waiache.

Tukitoka kwenye kukereza, mashine ya kuchomelea ina hesabu nyepesi zaidi. Transfoma kuukuu ya nyaya za shaba dhidi ya inverta mpya ya mkononi. Kwa kijiti cha milimita 2.5 na ampea 80 hivi, moto wenyewe unahitaji kilowati 1.84. Inverta yenye ufanisi wa asilimia 85, ikiwaka saa mbili kamili kwa siku, inakula uniti 4.3. Transfoma ya asilimia 60 inakula 6.1. Tofauti ni shilingi 640 kwa siku, zaidi ya 16,000 kwa siku 26 za kazi, mbali na inachovuta ikiwa imewashwa bila kuchomelea. Hapo inverta inashinda. Lakini inverta huvuta vumbi kwa feni yake, na vumbi lenye unga wa chuma likitua kwenye sakiti, imekufa. Matengenezo yake yanataka fundi wa elektroniki mwenye vipuri. Transfoma ya shaba ikiungua husukwa ikarudi kazini. Ushauri wangu: chukua inverta kama una mahali pa kuiweka mbali na grainda na utaipuliza vumbi kila Jumamosi, vinginevyo chukua transfoma kuukuu. Ikwaruze waya kwanza. Rangi ya fedha chini ya vanishi ni alumini, na bei yake iwe ya alumini.

Drili ya kusimama iliyotumika ni ununuzi salama kuliko yote. Shika chaki yake, itikise, isipocheza inunue. Grainda iliyotumika usinunue kabisa.

Tukirudi kwenye mashine ya kukereza, usafiri wake upangwe na msimu. Kuanzia Oktoba malori mengi hupanda kutoka Mtwara kufuata korosho za maghala ya Masasi na Newala, na mengi huja tupu. Nafasi ya tani moja kupanda kipindi hicho hujadiliwa kwa bei ambayo huipati mwezi wa Aprili. Mashine ipakiwe chini kabisa, mkia na meza vikiwa vimesogezwa mwisho na kukazwa, ifungwe kwa kitanda chake na kamwe isifungwe kwa shafti wala mikono. Shirika la Tools for Self Reliance la Uingereza, ambalo lilianza mwaka 1979 kukusanya vifaa vya mkono na cherehani zilizotumika kwa ajili ya mafundi wa Afrika, wakiwemo wa Tanzania, lilikuwa likivinoa, kuvikarabati na kuvipaka oili kabla ya kuvipakia. Muuzaji wako hatafanya hivyo. Nenda na lita ya oili yako mwenyewe na tambara.

Kwa karakana ya Lulindi yenye fezi moja na kazi za kutosha, chaguo langu ni mashine ya saizi ya chuo isiyozidi tani moja, reli nzima, gia kamili ikiwemo ya 127 kama skrubu yake ni ya inchi, na mota yenye sahani ya 230/400. Kelele za beringi za mota, taya mbovu na nati inayocheza vinavumilika na vinapunguza bei. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vya mwanzo, endelea kupeleka kazi Masasi. Na usilipe shilingi ya mwisho kabla haijakata kile kipande cha milimita 40 mbele yako, na wewe mwenyewe ukiwa umeshika venia kalipa.